Kiunoni, kwenye buti la gari, au ibaki nyumbani: kuvuka majimbo ya Marekani na bastola

Leseni ya udereva ya Ohio inakufikisha California bila mtu kukuuliza kwa nini hukukata ya huko. Kibali cha kubeba bastola kiunoni hakina bahati hiyo. Serikali ya shirikisho haimpi mtu wa kawaida kibali cha nchi nzima. Kila jimbo linatoa chake, na linaamua lenyewe litambue cha nani. Desemba 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuyalazimisha majimbo yatambuane, ukafia Seneti. Umeletwa tena tangu hapo, lakini muswada si sheria, na askari wa New Jersey akikusimamisha saa nane usiku hasomi miswada.

Nawaandikia hasa jamaa zetu waliotapakaa Texas, Ohio, Minnesota na Arizona: dereva wa lori la masafa marefu, muuguzi anayeendesha gari kutwa nzima kuwahi harusi ya binamu, familia iliyohama majuzi na bado ina kibali cha jimbo la zamani. Kwenye makundi ya WhatsApp swali huwa moja: kibali gani kinafika mbali? Mimi naona linaulizwa kabla ya wakati wake. Jiulize kwanza njia yako inapita jimbo gani lililo kali kuliko yote, na ukikamatwa humo una nini cha kupoteza. Majimbo tisa yanayokukaribisha hayakusaidii kitu la kumi likikufunga.

Njia zenyewe ni tano: kutegemea majimbo yasiyodai kibali, kutegemea kibali cha jimbo unaloishi, kukata kibali cha pili cha asiye mkazi, kuifungia bastola kwenye buti, au kuiacha nyumbani. Watu wengi huruka mbili za mwisho. Mimi nitakaa nazo zaidi.

Kusafiri bila kibali chochote

Vermont haijawahi kudai kibali. Alaska iliacha kukidai 2003, Arizona 2010, Texas Septemba 2021, Florida Julai 2023, na Louisiana ilipoingia Julai 2024 majimbo hayo yalifika 29. Humo mtu anayeruhusiwa kisheria kumiliki bastola anaificha chini ya shati na kwenda zake. Umri wa chini kwingine ni miaka 18, kwingine 21, kwa hiyo kijana wa miaka 19 anaweza kuwa halali upande mmoja wa daraja na mkosaji upande wa pili.

Faida yake inajulikana: hakuna ada, hakuna darasa, hakuna alama za vidole. Kwa mtu wa Dallas anayekwenda Tulsa kumjulia hali shangazi, njia hii inaonekana inatosha, na kwa sehemu kubwa inatosha. Ila ina tundu ambalo wengi hawalioni. Sheria ya shirikisho kuhusu maeneo ya shule, ya mwaka 1990, iliyoandikwa upya baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuitupa 1995, inakataza silaha ndani ya futi 1,000 za uwanja wa shule, yaani kama mita 300. Inawaacha wenye kibali kilichotolewa na jimbo ilipo shule hiyo, na inaiacha bastola isiyo na risasi iliyofungiwa kwenye kasha. Mpita njia asiye na kibali cha jimbo hilo hatajwi. Chukua ramani ya mji wowote, chora duara la mita 300 kuzunguka kila shule, uone kama umebakiwa na barabara ya kupita. Hata kibali cha kwenu kinachotambuliwa na jimbo la jirani hakizibi tundu hili, kwa sababu sheria inataka kibali cha jimbo lenyewe. Ni kosa linaloweza kubandikwa juu ya kosa jingine, ndiyo maana nalitaja.

Halafu kuna mabango. Texas ina bango la kifungu 30.06 linalomzuia mwenye kibali asiingie na bastola iliyofichwa, na la 30.05 kwa asiye na kibali. Baa ambayo zaidi ya nusu ya mapato yake ni pombe inabandika alama nyekundu ya 51%. Huko ndiko harusi zetu zinakoishia baada ya ukumbi kufungwa, na huko bastola hairuhusiwi hata kama hukuonja tone. Posta nayo ni mali ya shirikisho, pamoja na maegesho yake. Kanuni za posta zinakataza kwenda kutuma kifurushi huku bastola iko chini ya kiti, jimbo liwe lolote.

Kibali cha jimbo unaloishi

Hiki ndicho kibali chenye heshima kuliko vyote, hata kama jimbo lako halikudai. Colorado na Michigan, kwa mfano, zinatambua kibali cha nje pale tu mwenye nacho anapokuwa mkazi wa jimbo lililokitoa. Ukiwa Mtexas mwenye kibali cha Texas, sawa. Ukiwa Mtexas mwenye kibali cha Utah, huko ni karatasi tu. Kwa hiyo yule anayesema "Texas siku hizi hatuhitaji kibali, nikate cha nini?" jibu lake ni hili: unakikata kwa ajili ya safari.

Watu wa Vermont wanalijua hili kwa uchungu. Jimbo lao halijawahi kudai kibali, na halitoi kibali. Wanatembea huru kwao, wakitoka nje hawana cha kuonyesha.

Linalowaponza watu wetu zaidi ni kuhama. Unakata kibali Texas, kazi inakupeleka Minneapolis, unabadilisha leseni ya udereva na anwani, kile cha Texas unakibakiza mfukoni kwa sababu tarehe yake haijaisha. Siku ulipohamisha makazi, kibali kile kiligeuka kuwa cha asiye mkazi. Kila jimbo linalotaka kibali cha mkazi limekufungia mlango, na jimbo jipya lina masharti yake. Ukihama, liweke suala hili pamoja na leseni na bima ya gari, lisisubiri.

Orodha za kutambuana nazo hubadilika, na hubadilika kwa siasa. Desemba 2015 mwanasheria mkuu wa Virginia, Mark Herring, alitangaza kwamba jimbo lake litaacha kutambua vibali vya majimbo 25. Wiki chache baadaye gavana na bunge wakaafikiana kinyume chake, na sheria mpya ya 2016 ikatambua vibali vya majimbo yote. Aliyesafiri kwa kutegemea ramani aliyoihifadhi kwenye simu mwaka uliotangulia hakuwa na lolote la kushika. Angalia tovuti ya polisi wa jimbo au ya mwanasheria mkuu wa jimbo unalokwenda, wiki ile ile ya safari. Video ya YouTube ya miaka miwili iliyopita haina kazi hapa.

Kuna jambo jingine linalotofautiana ambalo hutokea dirishani mwa gari lako: ukisimamishwa, unamwambia askari kuwa una silaha au unanyamaza? Michigan na North Carolina zinakutaka useme mwenyewe, mapema. Ohio tangu 2022 inakutaka ujibu ukiulizwa. Florida haikudai useme. Na hapa kuna kosa dogo la kila siku: bastola iko kwenye droo ya dashibodi, na hati ya usajili wa gari iko kwenye droo hiyo hiyo. Askari anasema, "Nionyeshe karatasi." Unanyoosha mkono, unafungua, na kitu cha kwanza yeye na tochi yake wanachokiona ni kitako cha bastola. Kwa mtu mweusi mwenye lafudhi ya kigeni huo si wakati wa kuanza kueleza. Karatasi za gari zikae kwenye kizuia jua juu ya usukani, mbali na silaha, kabla hujawasha gari.

Kibali cha pili cha asiye mkazi

Utah, Florida na Arizona ndizo zinazosifika kwa kuwapa vibali watu wasioishi humo. Cha Utah hudumu miaka 5 na darasa lake hufundishwa na wakufunzi wenye idhini ya Utah katika majimbo mengi, bila kulazimika kufyatua risasi. Cha Florida hudumu miaka 7 na kinataka uthibitishe kuwa umefyatua mbele ya mkufunzi. Tangu Mei 2011 Utah imeweka sharti: kama jimbo lako linatambua kibali cha Utah, lazima kwanza uwe na kibali cha jimbo lako. Kwa hiyo mbinu ya kuruka cha kwenu na kukimbilia cha Utah kwa wengi haipo tena.

Kinamfaa nani basi? Mtu ambaye kibali cha jimbo lake hakitambuliwi sana kwingine, na ambaye njia zake hupita majimbo yanayodai kibali lakini yanakubali cha Utah au Arizona. Dereva wa lori anayebadilisha njia kila wiki anaweza kuona faida. Anayesafiri mara mbili kwa mwaka kati ya Texas, Oklahoma na Kansas ananunua picha ya kuweka kwenye pochi. Na yeyote anayedhani vibali viwili au vitatu vitamfungulia New York, New Jersey, Illinois, Maryland, Connecticut, Oregon au Hawaii, aache. Kubeba bastola kiunoni mitaani kwa kibali cha nje hakumo katika mambo yanayokubalika huko, wala katika mji mkuu, Washington, D.C.

Lakini kuna kibali cha pili cha aina nyingine, nacho ndicho ningekitetea: kile cha jimbo kali lenyewe. Juni 2022 Mahakama Kuu, katika kesi ya Bruen, iliitupa sheria ya New York iliyomtaka mwombaji athibitishe sababu ya pekee ya kuhitaji bastola. Tangu hapo milango imeanza kufunguka, polepole na kwa manung'uniko. New Jersey, Maryland, Massachusetts, Connecticut na D.C. zina utaratibu wa kumpa asiye mkazi, na jiji la New York lilianza kupokea maombi ya wageni 2024. Kazi yake ni nzito: fomu, mafunzo, alama za vidole, kusubiri. Ukikipata bado unakuta orodha ndefu ya mahali pasiporuhusiwa. New York imeingiza humo Times Square na treni za chini ya ardhi. New Jersey inakataza kutembea na risasi zenye tundu nchani, zile zile ambazo kwingine mkufunzi hukuambia ndizo salama kwa kujilinda, na magazini, ule mkebe wa risasi wa bastola, isizidi risasi 10.

Anayeishi Pennsylvania na kuvuka Mto Delaware kila asubuhi kwenda kazini New Jersey, huyo apambane na fomu hizo. Anayekwenda mara moja kwa ajili ya mahafali, zitamfikia mtoto ameshapata shahada ya pili.

Kwenye buti

Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwalinda wamiliki wa silaha, na ndani yake mna kifungu cha wasafiri. Kinasema hivi kwa maneno ya kawaida: ukitoka mahali unaporuhusiwa kumiliki na kubeba silaha, ukaenda mahali pengine unaporuhusiwa vilevile, unaweza kupita katikati ya jimbo lolote, almradi silaha haina risasi na hakuna anayeweza kuifikia, wala kuzifikia risasi zake, kutoka ndani ya gari. Gari lisilo na buti lililotengwa, silaha na risasi vikae kwenye kasha lenye kufuli, na droo ya dashibodi haihesabiki hata kama ina kufuli.

Soma tena sehemu ya "mahali unaporuhusiwa". Kifungu hiki ni cha kupita. Ukitoka Columbus kwenda Queens kwa dada yako bila kibali cha New York, hata ungeifungia bastola kwenye sefu ya benki, mwisho wa safari yako si halali na kifungu hakikuhusu.

Kulala njiani ndiko kunakoharibu. Gregg Revell, mtu wa Utah, mwaka 2005 alikuwa anaruka kwenda Allentown, Pennsylvania, akapitia Newark. Bastola yake ilikuwa imefungiwa kwenye mizigo na ameitangaza kama inavyotakiwa. Ndege ikachelewa, akaukosa usafiri wa kuunganisha, akapewa mizigo yake, akalala hoteli New Jersey. Asubuhi alipoitangaza tena kaunta ili aendelee na safari, akakamatwa. Mashtaka yalifutwa, lakini aliposhtaki kudai haki yake, mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema 2010 kwamba usiku ule hotelini silaha ilikuwa mkononi mwake, kwa hiyo kifungu hakikumlinda. Mahakama ilikiri kuwa hakuwa na njia nzuri ya kufanya, ikadokeza angewaachia polisi wa uwanja waihifadhi. Mwaka huo huo mahakama nyingine ya rufaa, ya New York, iliamua kwamba kifungu hiki hakikupi haki ya kumshtaki askari aliyekukamata. Maana yake, ni utetezi wa kupeleka mahakamani baada ya kulala rumande. Hakimzuii mtu kukufunga pingu.

Kwa hiyo ukipita na bastola kwenye buti, pita kwelikweli. Mafuta, choo, sandwichi, endelea. Usilale Albany. Kama ni ndege, usikubali mizigo yenye bastola mkononi mwako Newark au New York.

Dereva wa lori yuko pabaya zaidi kwa sababu hana buti. Kitanda chake kiko nyuma ya kiti, na kila kitu kiko ndani ya kabini. Namna inayokubaliana na maneno ya sheria ni kasha la chuma lenye kufuli, limefungwa kwa waya mnene kwenye mguu wa kitanda, bastola ndani haina magazini wala risasi chemba, risasi kwenye kasha la pili lenye ufunguo wake. Na bado sheria inamtaka alale mapumziko ya saa 10, na huchagui kila mara ulalie jimbo gani. Kabla ya hayo yote, asome mkataba wake. Mamlaka ya shirikisho ya usalama wa malori haina kanuni inayomkataza dereva silaha, lakini kampuni nyingi zinakataza, na nyingine zinakufukuza siku hiyo hiyo bila kujali una kibali cha nani.

Njia mbili, ramani moja

Tuchukue Dallas kwenda Chicago. Unapanda barabara ya 75 hadi Oklahoma, unashika barabara kuu ya I-44 hadi St. Louis, unavuka Mississippi na kuingia I-55. Texas, Oklahoma na Missouri hazidai kibali. Illinois haitambui kibali cha jimbo lolote kwa kutembea nacho mitaani, na ombi la mgeni inalipokea tu kutoka majimbo machache ambayo sheria zake imeona zinafanana na zake. Hata hivyo sheria yake ya 2013 ina upole mmoja usiotarajiwa: mgeni mwenye kibali cha jimbo analoishi anaweza kubaki na bastola iliyofichwa ndani ya gari. Akishuka, inabaki ndani, gari limefungwa. Hapa tofauti ya njia ya kwanza na ya pili inaonekana waziwazi. Mtexas mwenye kibali cha Texas anavuka daraja bila kugusa kitu. Jirani yake asiye na kibali inabidi asimame upande wa Missouri, atoe risasi, afungie. Magazini ya bastola inayobeba zaidi ya risasi 15 iachwe Dallas. Na kwenye treni na mabasi ya Chicago, hapana.

Sasa Columbus kwenda mashariki. Ohio haidai kibali tangu Juni 2022, na wengi wakaacha kukata. Lakini ukiingia tu Pennsylvania, bastola iliyojazwa risasi ndani ya gari bila kibali ni kosa. Ukiwa na kibali halali cha jimbo lolote, humo garini inakubalika. Mbele yako kuna New Jersey au New York, na hapo safari zinatengana. Kama unakwenda Lewiston, Maine, kwa jamaa wa Kikongo walioko huko, shika I-90, pita buti kupitia New York na Massachusetts bila kulala, utokee New Hampshire na Maine ambako hakuna kibali kinachodaiwa. Kama unakwenda Brooklyn, bastola ibaki Columbus. Hakuna namna ya tatu kwa asiye na kibali cha jiji.

Oktoba 2013 Shaneen Allen, mama wa watoto wawili kutoka Philadelphia, alisimamishwa New Jersey akielekea Atlantic City. Alikuwa na kibali cha Pennsylvania, na akamwambia askari mwenyewe, kwa uungwana, kwamba ana bastola. Alikamatwa na kukabiliwa na kifungo cha lazima cha miaka kadhaa. Kelele za nchi nzima zilimwingiza kwenye mpango wa kurekebishwa badala ya kesi, na Aprili 2015 Gavana Chris Christie akampa msamaha kamili. Hakuwa na rekodi yoyote kabla ya hapo. Leo kosa lile lile New Jersey lina miaka 5 hadi 10, na si chini ya miezi 42 kabla ya kufikiriwa kuachiwa. Bastola iliyojazwa bila leseni New York ni kuanzia miaka mitatu na nusu. Massachusetts ni miezi 18 ambayo hakimu hawezi kuipunguza.

Wewe ni nani kwa idara ya uhamiaji

Sehemu hii haimo kwenye mabango ya maduka ya bunduki, na kwa msomaji wa Kiswahili ndiyo nzito kuliko zote.

Aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya masomo, ya kazi au ya utalii, kwa kawaida haruhusiwi kabisa kumiliki silaha wala risasi. Kuna mianya michache, kama leseni halali ya uwindaji. Asiye na hadhi ya uhamiaji haruhusiwi, bila mwanya. Mwenye grini kadi anaruhusiwa, na mkimbizi aliyepokelewa rasmi hahesabiwi kuwa mtu wa viza ya muda. Kwa hiyo ndugu mwenye grini kadi ananunua dukani, anajaza fomu 4473 na namba yake ya uhamiaji, anakata kibali, na anajiona sawa na jirani yake raia.

Wako sawa mpaka siku ya kukamatwa. Sheria ya uhamiaji inasema asiye raia akitiwa hatiani, chini ya sheria yoyote, kwa kununua, kuuza, kutumia, kumiliki au kubeba bunduki kinyume cha sheria, anaweza kuondolewa nchini. Haiulizi kama kosa ni kubwa au dogo, wala umekaa miaka mingapi. Isitoshe, neno "hatiani" kwa idara ya uhamiaji lina upana wake. Ukikiri kosa na hakimu akakupa adhabu yoyote, hata muda wa kuangaliwa tu, inahesabika, ingawa karatasi ya jimbo itasema kesi imefutwa. Na msamaha wa gavana, ule uliomwokoa Shaneen Allen, sheria imeutaja kama tiba kwa baadhi ya makosa mengine ya kufukuzwa. Katika kifungu cha silaha haukutajwa. Mwenye grini kadi angepokea barua ile ile ya Christie na bado akaitwa mbele ya jaji wa uhamiaji.

Kuna dereva wa lori ambaye jina lake limebaki kwenye vitabu vya sheria: Jose Padilla, mzaliwa wa Honduras, grini kadi kwa zaidi ya miaka 40, aliyetumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Alikamatwa Kentucky na bangi kwenye lori. Wakili wake alimwambia asihofu uhamiaji, amekaa sana nchini. Akakiri kosa, kisha akajikuta anakabiliwa na kuondolewa nchini. Mahakama Kuu ilisema 2010 kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja hatari hiyo. Kesi yake haikuwa ya silaha, lakini somo linakuhusu: ukishikwa na bastola jimbo la watu, usikiri lolote kabla wakili anayejua uhamiaji hajaiona karatasi yako, hata wakikwambia ukikiri unatoka leo jioni.

Mimi ningechagua hivi

Raia anayezunguka majimbo yasiyodai kibali: akate cha jimbo lake hata hivyo, asisumbuke na cha pili, ajue mabango na posta. Raia mwenye njia ya kudumu kwenda jimbo kali: akate cha jimbo hilo. Dereva wa lori: asome mkataba, na kama njia yake inagusa pwani ya kaskazini-mashariki au California, asiibebe, hana udhibiti wa wapi atalala. Mwenye grini kadi: kiunoni pale tu ambapo jimbo limeandika waziwazi kuwa kibali chake kinatambuliwa, buti pale tu safari inapopita bila kulala, na kwingine kote inabaki kwenye sefu nyumbani. Aliye katikati ya maombi ya uraia asitoke nayo nje ya jimbo kabisa.

Na kwa wale wa Michigan: ramani ya simu ikikutoa Detroit kwenda Buffalo itakupitisha Ontario, kwa sababu ndiko karibu. Huko ni Kanada. Kibali cha jimbo, kifungu cha 1986 na kila nilichoandika hapo juu vinaishia kwenye daraja, na bastola hawaiingizi. Kama iko garini, izungushe safari chini ya Ziwa Erie, kupitia Toledo na Cleveland, ukijua kwamba mwisho wa njia hiyo ni New York.